Vikuza Sauti vya Magitaa ya Zamani na Kazi ya Kuvifufua: Mfano wa Morogoro

Inapotajwa historia ya muziki wa dansi katika nchi yetu, jina la Morogoro halikosi kuwa miongoni mwa majina ya kwanza. Mji huu, uliokaa chini ya milima ya Uluguru kwa upande wa kaskazini, ulifikiwa na reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, ukazungukwa na mashamba ya mkonge, ukawa makutano ya watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi. Na watu wa kazi wanapokusanyika jioni hutaka kucheza. Hapo ndipo ilipoanzishwa bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1944. Hapo ndipo marehemu Salum Abdallah Yazidu alipoanzisha kikundi chake mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, kikundi ambacho baadaye kilijulikana kote Afrika Mashariki kwa jina la Cuban Marimba. Na hapo ndipo alipokulia kimuziki marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa la solo ambaye mpaka leo hajapata wa kumfunika.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya watu hao, juu ya tungo zao, na juu ya ushindani wa bendi mbili ndani ya mji mmoja. Hatukusudii kuyarudia. Katika insha hii tunakusudia kuzungumza juu ya kitu ambacho ni nadra kutajwa, nacho ni chombo kilichokaa kati ya vidole vya mpigaji na masikio ya mchezaji: kikuza sauti. Hasa tutaitazama sehemu yake ya kwanza, ile ambayo mafundi wetu huiita priampu, nasi tutaiita kikuza sauti cha awali. Vyombo hivyo vinapotea. Vingine vimo katika mabanda ya nyuma ya nyumba, vingine vimo katika stoo za ofisi, na vingi vimekwisha kuvunjwa na wauza vyuma chakavu kwa ajili ya shaba iliyomo ndani ya transfoma zake. Swali letu ni kama vinastahili kuokolewa, na kama vinastahili, viokolewe kwa njia gani.

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe, maana wengi wetu tumekisikia bila kukiona. Gitaa la kawaida lina tumbo la mbao ambalo huikuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme halina tumbo hilo, na likipigwa bila mtambo husikika kama mtu anayenong'ona. Chini ya nyuzi zake imewekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, nao huwa ni sehemu ndogo tu ya volti moja. Umeme huo hauwezi kusukuma spika. Ni lazima upitie kwanza katika kikuza sauti cha awali, ambacho huuongeza, na ambacho pia humpa mpigaji uwezo wa kuchagua kiasi cha sauti nzito na kiasi cha sauti nyembamba. Ndipo upelekwe katika sehemu ya pili, yenye nguvu, ambayo hutikisa spika. Kwa hiyo mtu akisema kwamba gitaa la fulani lilikuwa na sauti tamu, au kali, au yenye kulia kama mtu, sehemu kubwa ya jambo analolisema hutokea katika hatua hii ya awali.

Katika vyombo vya miaka ya 1950 na 1960 kazi hiyo ilifanywa na valvu, chupa ndogo ya kioo isiyo na hewa ndani. Valvu ya kukuza umeme ilibuniwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Iliyoenea zaidi katika vikuza sauti vya magitaa ni ile ambayo viwanda vya Ulaya viliipa jina la ECC83 na Wamarekani wakaiita 12AX7. Ndani ya chupa moja mna valvu mbili, na ndani ya kila moja mna waya mdogo ambao huwashwa mpaka ukawa mwekundu kama kaa la moto. Wazee wanaokumbuka kumbi za zamani wanakumbuka wekundu huo uliochungulia nyuma ya kisanduku, na wanakumbuka pia kwamba mpigaji aliwasha chombo mapema, akakiacha kipate moto kwanza. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 katika maabara za Bell, ilikuja kuchukua nafasi ya valvu polepole. Transista haihitaji kupata moto na haivunjiki ikianguka. Lakini ikisukumwa kupita kiasi chake, hukata sauti ghafula kama panga, ilhali valvu huibana kidogo kidogo kabla ya kuikata, na sikio hulipokea badiliko hilo kama joto la sauti na si kama kelele. Tofauti hiyo si ndoto za wapenzi wa mambo ya kale: chombo cha kupimia huionyesha wazi.

Hapo mwanzo sehemu zote mbili zilikaa ndani ya kisanduku kimoja, mara nyingi pamoja na spika. Baadaye mafundi wa nchi za nje walizitenganisha, wakaiweka ile ya awali ndani ya bamba la chuma lenye upana wa inchi 19, ili ipangwe pamoja na mitambo mingine katika fremu inayoitwa raki. Fremu hii haikutoka kwa wanamuziki hata kidogo. Ilitoka kwa watu wa simu wa Marekani, walioitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kupangia vyombo vya kupokezana mawasiliano; kutoka kwao ikaingia katika vituo vya redio, na kutoka redioni ikaingia jukwaani. Mpaka leo kimo cha kila chombo cha raki hupimwa kwa kipimo cha inchi moja na robo tatu, kipimo kile kile cha watu wa simu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Alembic ya California iliuza kikuza sauti cha awali cha raki kilichofuata mchoro wa vyombo vya Fender vya miaka ya 1960, na mnamo mwaka 1987 kampuni ya ADA ilileta kimoja kiitwacho MP-1, chenye valvu ndani na kumbukumbu ya kompyuta ya kuhifadhi sauti alizozichagua mpigaji. Mambo ya vyombo hivyo vya mwisho hayatuhusu sana. Tumeyataja kwa sababu fundi wa leo anayejifunza kufufua cha raki na yule anayefufua kisanduku cha mwaka 1962 wanakutana na ugonjwa ule ule na dawa ile ile.

Turudi Morogoro. Muziki wa Cuba uliingia Afrika Mashariki kwa sahani za santuri, na kijana Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mmoja wa waliotekwa nao. Nyimbo alizorekodi kati ya miaka ya 1950 na kifo chake katika ajali ya gari mwezi Novemba 1965 zinatuwezesha kusikia jinsi nyuzi zilivyopanda daraja: gitaa lililokuwa likiongozana na ala nyingine kwa unyenyekevu likaanza kusimama mbele ya waimbaji na kujibizana nao. Baada ya kifo chake bendi iliongozwa na Juma Kilaza, na miaka hiyo hiyo Mbaraka Mwinshehe akajiunga na Morogoro Jazz. Kwa yeye jambo hilo lilifika kilele. Solo lake ni refu, lina subira, hurudia sentensi moja mara nyingi na kila mara huongeza neno. Upigaji wa namna hiyo hauwezekani kwa gitaa lisilo na umeme katika ukumbi wenye watu mia tatu wanaoburura viatu sakafuni. Noti ya tatu ingekwisha kumezwa na vumbi. Mwaka 1970 alikwenda na wenzake Japani katika maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka. Mwaka 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Hapa tuongeze neno moja la pembeni kuhusu safari kama ile ya Osaka. Umeme wa mji huo ni wa volti 100 na mizunguko 60, ilhali wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Chombo kilichosukwa kwa umeme wetu kikichomekwa kule, valvu zake hubaki na ubaridi nusu, na sauti hutoka nyembamba kama ya mgonjwa. Msafiri wa muziki hubeba pasipoti yake na transfoma yake.

Sasa lipo pingamizi ambalo lazima tulijibu kabla ya kwenda mbele. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza ya Urais, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika maneno yake alisikitika kwamba wasomi wetu walijifunza kujivunia dansi za kigeni huku wakizisahau ngoma za baba zao. Tangu siku hiyo wamekuwapo watu wanaouliza: je, kisanduku kilichotengenezwa Uingereza au Marekani, chenye valvu za Uholanzi, kinawezaje kuhesabiwa katika utamaduni wa taifa? Je, si afadhali fedha hizo zitumike kwa mbeta ya Waluguru, filimbi zile ambazo kila mpulizaji ana sauti moja tu na wimbo huzaliwa kwa kupokezana?

Tunawaheshimu wenye swali hilo, na mbeta tunaipenda. Lakini jibu lao limo ndani ya ngoma yenyewe. Ngoma ina mzinga na ina ngozi. Ngozi huchakaa, hupasuka, hulegea wakati wa mvua, nayo huotwa moto ili ikaze, na ikichoka kabisa huvuliwa na mzinga huwambwa ngozi mpya. Hakuna mzee wa Uluguru atakayekuambia kwamba ngoma iliyowambwa upya si ngoma ya babu yake. Pia hakuna atakayeuliza ng'ombe wa ngozi ile alitoka kwa nani. Kinachoifanya kuwa ya ukoo ni nani aliipiga, katika shughuli gani, na sauti gani iliyotoka. Kikuza sauti kilichokaa miaka kumi na mitano mbele ya wachezaji wa Morogoro, kikaota moto kila jioni kabla ya dansi kama ngoma inavyooteshwa moto, kikatengenezwa na mafundi wetu kwa mikono yao mara ishirini, kimekwisha kula kiapo cha uraia. Na kwa hakika hiyo ndiyo njia iliyofuatwa na lugha yetu hii tunayoiandikia, ambayo haikuyakataa maneno meza na shule kwa sababu ya kwao.

Tena ule mfano wa mzinga na ngozi unatupa kanuni ya kazi. Kila anayefufua chombo cha zamani hukabiliwa na swali gumu: abadilishe nini na aache nini? Akibadilisha kila kitu, amejenga chombo kipya katika nguo za marehemu. Asipobadilisha chochote, ana maiti nzuri. Sisi tunasema kwamba mzinga wa kikuza sauti ni bamba lake la chuma, transfoma zake, mpangilio wa waya zake, vitufe vyake na sanduku lake; na ngozi yake ni valvu, kapasita na baadhi ya resista. Ngozi iwambwe upya, mzinga uachwe.

Mtu anayeufahamu mji huu atajua kwa nini ngozi hiyo huharibika upesi. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kwa upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mjini Morogoro, penye kivuli cha milima, mvua haifikii nusu ya hiyo na badala yake kuna vumbi na joto. Chombo kilichokaa milimani hunywa unyevu. Kapasita za zamani zilikuwa za karatasi iliyopakwa nta, na karatasi hiyo ikishanyonya maji huanza kuvujisha umeme kutoka hatua moja ya kukuza hadi nyingine, sauti ikakwaruza na valvu ya pili ikaungua. Chombo kilichokaa mjini hukauka. Kapasita kubwa za kuchujia umeme, ambazo zina maji ya dawa ndani, hukauka baada ya miaka ishirini au thelathini, na mngurumo mzito usiokoma ndio dalili yake. Mipira iliyofunika waya hupasuka kama ganda la mti. Resista za makaa hupanda kipimo chake na kuleta mshindo kama wa mafuta yanayokaangwa. Ongeza hapo mende, mijusi na nyigu wa udongo, ambao hawakuona sababu ya kuacha nyumba nzuri namna ile ikae bure.

Basi fundi mwenye akili hufanyaje? Jambo la kwanza ni lile analolikosa kila mwenye haraka: hachomeki chombo ukutani ili aone kama kinafanya kazi. Chombo kilicholala miaka thelathini kikipewa volti 230 kwa mara moja, kapasita zilizokauka huweza kupasuka na kuondoka na transfoma, na transfoma ikiungua mzinga umepasuka. Hufungua kwanza. Hupiga picha, au huchora kwa penseli kila waya na rangi yake. Hupima kwa mita kama transfoma zina uhai. Hutazama waya wa umeme, ambao katika vyombo vingi vya zamani una nyuzi mbili tu, hauna wa ardhi, na huo lazima ubadilishwe uwe wa nyuzi tatu, heshima ya historia au pasiwe na heshima. Maana mpigaji anashika nyuzi za chuma kwa mkono mmoja na mdomo wake umo kwenye maiki ya chuma.

Hapa tunasisitiza kwa vijana watakaosoma. Ndani ya kikuza sauti cha valvu mna volti 250 au 300, wakati mwingine zaidi, na kapasita huendelea kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa. Mtu amechomoa, ameridhika, ametia mkono, naye ametupwa ukutani. Ni lazima kapasita zimwagwe umeme wake kwa resista iliyounganishwa na bamba la chuma, kisha zipimwe, ndipo mkono uingie. Na wazee wa kazi hii walikuwa na desturi ya kuweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Baada ya hapo huja kuwamba. Kapasita za kuchujia na zile za karatasi hutolewa na mpya za kipimo kile kile hutiwa, kwa lehemu ya bati na risasi, bila kukata miguu ya vyombo vingine. Resista hubadilishwa zile tu zilizopotoka. Vitufe husafishwa kwa spiriti na kuzungushwa mara nyingi mpaka vikome kukwaruza. Miguu ya valvu na matundu yake husuguliwa. Kisha chombo huwashwa kwa mara ya kwanza kupitia taa ya kawaida ya uzi iliyofungwa katika mfululizo wa waya wa umeme. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna njia ya mkato na kazi irudiwe. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mambo ni mema. Kifaa hicho, ambacho ni balbu na kishikio chake tu, kimeokoa transfoma nyingi kuliko mitambo ya bei kubwa, na kila banda la fundi redio mjini linaweza kuwa nacho.

Vitu vilivyotolewa visitupwe. Vitiwe katika mfuko, viandikwe tarehe na mahali vilipotoka, na mfuko ukae na chombo. Sababu ni kwamba mle ndani mna historia ambayo haimo katika kitabu chochote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 nchi yetu ilipungukiwa vibaya na fedha za kigeni, bei ya mafuta ilipanda, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ala za muziki na vipuri vyake havikuwa na nafasi katika foleni ya leseni za kuagiza. Bendi hazikunyamaza. Mafundi waliojifunza kazi katika Posta na Simu, katika Reli na katika vituo vya redio waliziweka hai kwa kuchukua kapasita ya redio iliyokufa na kuitia katika gitaa, kwa kusuka transfoma upya kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, kwa kuipa valvu ya aina moja kazi ya aina nyingine. Sanduku jipya lilichongwa kwa mninga. Fundi wa Ulaya akikifungua chombo kama hicho leo atasema kimeharibiwa, kwa kuwa hakifanani na mchoro wa kiwandani. Sisi tunasema akiache. Ule usukaji wa mkono ndio sehemu ya Kitanzania ya chombo hicho, na sauti iliyosikika katika kumbi zetu ilikuwa ni sauti ya kipuri kilichoazimwa kutoka kwenye redio. Kukirudisha chombo hicho kwenye mchoro wa kiwanda ni kukiondolea ushahidi wa miaka ambayo tuliimba bila ya kuwa na kitu.

Hilo ndilo jambo ambalo tunatofautiana na wengi wa wapenzi wa vyombo hivi ulimwenguni, nasi hatuoni haja ya kuwaomba radhi.

Katika miaka yetu ya utumishi tuliwahi kutumwa kuhakiki mali katika stoo ya ofisi moja, ambayo hatutaitaja. Nyuma ya viti vilivyovunjika palikuwa na fremu ya chuma yenye mabamba manne ya kukuza sauti na spika mbili zilizoliwa na panya. Katika leja viliandikwa kwa mstari mmoja: mitambo ya muziki, mibovu. Kwa utaratibu wa mali za serikali, kitu kikishaitwa kibovu njia yake ni moja, nayo ni kufutwa vitabuni na kupigwa mnada. Tulipendekeza kwa maandishi kwamba viondolewe katika orodha ya mnada. Barua ilijibiwa kwa adabu baada ya miezi mitano, wakati vyuma vile vilikwisha kupimwa kwa kilo na kuondoka.

Hatumlaumu aliyefuata kanuni, kwa kuwa kanuni yenyewe haikumpa neno jingine la kuandika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvitazama kama mabaki ya kale vile vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kisanduku cha mwaka 1962 hakiwezi kungoja kiasi hicho. Baraza la Muziki, lililoundwa mwaka 1974, na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, yalishughulika zaidi na wanamuziki na maonyesho yao kuliko mitambo. Kwa upande mwingine, kanda za nyimbo zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam zimepata watetezi, na ni haki, kwa sababu kwa miaka mingi studio ile ndiyo ilikuwa mlango mkubwa wa bendi zetu. Ila watetezi hao wakumbuke kwamba utepe wa sumaku haujisomi. Mashine ya kuusoma ina kikuza sauti cha awali ndani yake, na umeme unaotoka kwenye kichwa cha kusomea ni mdogo hata kuliko ule wa gitaa. Kapasita zilizokauka ndani ya mashine hiyo zitatoa sauti iliyokosa uzito, na nakala itakayopigwa kutoka humo itahifadhiwa milele ikiwa na kasoro, na wajukuu wetu watadhani kwamba Mbaraka alipiga hivyo.

Vifaa vya kazi vinapatikana. Kiwanda cha Mullard kule Blackburn, Uingereza, ambacho valvu zake zilikuwa maarufu sana, hakitengenezi tena. Lakini ECC83 mpya hutoka Slovakia, Urusi na China, na kapasita za kisasa ni ndogo na imara kuliko za zamani. Kinachopungua ni mafundi. Wale waliofunzwa kwa valvu ni wazee sana au wamekwisha kutangulia, na fundi kijana wa simu za mkononi, hodari kama alivyo, hajapata kufunzwa kazi yenye volti 300. Hapa Morogoro tuna chuo cha kufunzia walimu wa ufundi stadi. Muhula mmoja wa kozi, wazee wawili au watatu wakialikwa waje na mita zao, na vyombo vitano vilivyokufa juu ya meza, vingetosha kuanzia, na kila mwalimu atakayetoka hapo angeipeleka kazi hiyo katika mkoa wake.

Lipo jambo la mwisho ambalo wahifadhi wa makumbusho hawalipendi. Chombo kilichofufuliwa hakiwezi kuwekwa katika kabati la kioo na kufungiwa. Kapasita zisipopewa umeme huanza tena kuharibika, vitufe hushika kutu, na unyevu wa masika hurudi kukaa pale ulipokuwa. Ni lazima kiwashwe, kiachwe kipate moto, na kipigwe kwa sauti ya kutosha kutikisa spika. Kwa hiyo jumba litakalokubali kupokea vyombo hivi, liwe Dar es Salaam au hapa chini ya Uluguru, lipange tangu mwanzo katika makadirio yake fungu la umeme, fungu la vipuri, mshahara wa fundi mmoja, na posho ya mpiga gitaa angalau mara moja kila mwezi.